Mkaguzi anakuja baada ya wiki 3 na faili la panya na wadudu halieleweki, nianzie wapi?

Swali lilikuja hivi: "Habari za kazi kaka. Nina kiwanda kidogo Pasua hapa Moshi, tunatengeneza unga wa lishe na siagi ya karanga, tuko watu 11. Kuna mnunuzi anayesapulai mahoteli kasema ataleta mkaguzi wa usalama wa chakula baada ya wiki 3, kwenye orodha yake kaandika anataka kumbukumbu za udhibiti wa wadudu na panya za miezi 12. Sisi kuna kampuni inakuja kila mwezi kupiga dawa, wakimaliza wanatuachia risiti na kikaratasi kimeandikwa 'huduma imefanyika'. Saa zingine hata hicho hawaachi. Hilo faili linatakiwa liwe na nini, na ile miezi ambayo sina karatasi nijaze tu?"

Nzuri dada, pole na presha. Naanza na hilo la mwisho maana ndo limenishtua. Usijaze. Najua hapo kiwandani kuna mtu ameshakwambia "bosi tukae Jumapili moja tuandike zote tumalize", kila kiwanda kina huyo mtu, na ni mtu mzuri tu anataka kusaidia. Lakini mkaguzi anayeijua kazi yake anazikamata fomu za hivyo kabla chai haijapoa: biki moja, mwandiko mmoja, karatasi zote nyeupe hazina hata doa la unga wakati kiwanda chenyewe ni cha unga, afu unakuta ziara moja imeangukia siku ya Idi na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Karatasi ikikosekana ni upungufu, unaandikiwa, unapewa muda, unarekebisha. Ikiwa ya kughushi basi hata zile za kweli, za usafi, za maji, za afya za wafanyakazi, hataziamini tena na wala hutamlaumu.

Hili nimelijua kwa kuumia. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kiwanda kimoja hapa Arusha (hakipo tena, tukiache), kazi yangu kutunza mafaili. Faili letu la panya lilikuwa zuri mno, kava ya plastiki, vigawanyio vya rangi, kila mwezi umo. Akaja mkaguzi, mama mmoja mtu mzima mpole, hakulisoma. Alichomoa ramani ya maboksi ya chambo tu, akaitazama, akasema naomba tuone namba 17. Tukazunguka nyuma ya jengo kwenye majani, boksi lipo kweli, likafunguliwa: utando wa buibui umeziba kile kitundu cha kuingilia panya na chambo kimeota ukungu. Ripoti ya juzi yake fundi kaandika "namba 17 imekaguliwa, chambo kimebadilishwa", na chini yake sahihi yangu mimi. Akauliza na 20 iko wapi. Tuliitafuta mpaka aibu. Kumbe ilikaa kwenye ukuta uliovunjwa mwaka wa nyuma tulipojenga choo kipya, na hakuna aliyekumbuka kuchora ramani upya. Wengi walimlaumu fundi lakini mi najua nilikuwa nasaini bila kutoka ofisini.

Kwa hiyo wiki ya kwanza achana na faili kabisa, lipo tu. Chukua karatasi kubwa, chora kiwanda chako kwa mkono, kuta, milango, madirisha, mifereji, stoo ya karanga, mashine ya kusaga, chumba cha kufungashia, sehemu ya taka, choo, hata ule mti uliogusa bati. Halafu tembea na uweke kila mtego na kila boksi la chambo pale lilipo kweli, sio pale ulipoambiwa lipo. Kila kimoja kipewe namba, na namba ibandikwe mara mbili, kwenye boksi lenyewe na ukutani juu yake, maana boksi likisukumwa na mwenye fagio namba ya ukutani ndo itakwambia limehama. Ramani iandikwe tarehe na sahihi, na ikibadilika unachora nyingine, ile ya zamani unaipiga mstari na kuitunza nyuma ya faili. Mkaguzi akikuta ramani tatu za miaka tofauti anafurahi, anajua hapa kuna mtu anatembea.

Ukitembea beba na penseli. Sifanyi utani. Panya mdogo wa nyumbani anapenya kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, kwa hiyo penseli ikipita chini ya mlango hesabu na yeye anapita, na mlango wa stoo ya mizigo mara nyingi unapitisha hata kidole gumba. Andika kila tundu uliloliona na nani ataliziba na lini. Hiyo karatasi ya matundu, hata ikiwa ya daftari la shule, ni kumbukumbu ya udhibiti wa wadudu sawa kabisa na ripoti ya kampuni, na mimi naipa uzito zaidi, manake dawa inaua aliyeingia ila mpira wa mlangoni unazuia anayekuja.

Sasa kampuni. Wapigie leo, usisubiri Jumatatu. Unahitaji kwao mkataba ulioandikwa, na usome vizuri unasema wadudu gani. Nakuhakikishia wengi utakuta "panya na mende" basi, wakati shida kubwa ya kiwanda chako hata sio panya, ntarudi hapo. Mkataba useme wanakuja mara ngapi, ukiwaita kwa dharura wanafika ndani ya saa ngapi, na nani anawajibika na nini. Waombe nakala ya kibali chao na vyeti vya yule fundi anayekuja kwako, sio cheti cha mkurugenzi, yule yule anayebeba pampu mgongoni. Wengi bado wanasema kibali "cha TPRI", ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu, ila tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 mamlaka ni TPHPA, yaani mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na ofisi kuu iko huku huku kwetu Arusha, kwa hiyo kampuni ikikwambia kufuatilia kibali ni safari ndefu cheka tu. Ni kama wale wanaokwambia TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, itakuja kukagua, wakati usajili wa vyakula ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Kwenye karatasi zako andika majina ya sasa. Na angalia tarehe ya mwisho ya kibali, kuna watu wanatembea na nakala iliyokwisha miaka miwili.

Kile kikaratasi cha "huduma imefanyika" kife. Ripoti ya ziara inatakiwa itaje kila namba na hali yake: mtego 1 hakuna kitu, mtego 2 panya mdogo mmoja, boksi 9 chambo kimeliwa nusu, taa ya nzi ya mlango wa nyuma nzi wengi gundi imebadilishwa. Kama dawa imetumika waandike jina la dawa, kemikali iliyo ndani, namba ya usajili, namba ya toleo kwenye chupa, waliichanganya vipi, kiasi gani, wapi, kwa mdudu gani, na baada ya saa ngapi watu waliruhusiwa kurudi. Ziambatane na nakala ya lebo na karatasi ya usalama ya kila dawa wanayotumia kwako, na ziwe za dawa hiyo kweli, nimeshaona faili lina karatasi ya bromadiolone wakati boksini kuna brodifacoum, zote za panya, zote zinazuia damu kuganda, lakini mkaguzi kasoma pakiti na kasoma faili na vimekataa kufanana.

Halafu kuna ile pikipiki yenye spika inapita mtaani "dawa ya panyaaa, mende, kunguni, viroboto". Dada nakuomba, pita kwenye madroo, kwa mlinzi, kwenye kabati la usafi, hata kwenye mifuko ya makoti, mpaka uhakikishe hakuna kale kapakiti. Kapakiti kamoja kasiko na lebo kwenye jengo la chakula kanaweza kukuangusha ukaguzi mzima na sitashangaa, maana hakuna anayejua ndani kuna nini. Na ndani ya sehemu ya kusaga na kufungashia chambo cha sumu kisiwepo hata cha kampuni, panya ana tabia ya kubeba chakula akakifiche, sasa fikiria anaficha wapi kwenye kiwanda cha karanga. Ndani weka mitego ya kubana, ya kunasa hai au gundi, chambo cha sumu kibaki nje, kiwe cha kipande kilichochomekwa kwenye chuma chake sio punje za kumwaga, kwenye boksi lenye kufuli lililofungwa lisibebeke.

Haya, tuje kwenye kinachotenganisha faili hai na faili la mapambo. Mkaguzi mzuri hasomi faili lote, hana muda. Anachagua tukio moja analivuta kama uzi aone linaishia wapi. Chukua mfano: Jumatano asubuhi binti wa kufungashia kaona kinyesi cha panya nyuma ya magunia ya karanga. Swali la kwanza, aliandika wapi? Hapo ndo unahitaji daftari la walichokiona wafanyakazi, daftari la kawaida limefungwa kamba mlangoni na biki yake, tarehe, saa, wapi, nini, nani kaona. La pili, nani aliambiwa na alifanya nini siku hiyo hiyo, magunia yalihamishwa, yalikaguliwa, je kuna yaliyotobolewa, yalikwenda wapi, na unga uliosagwa kutoka kwenye shehena hiyo jana yake ulishikiliwa au ulishaenda dukani. Watu wengi hapa ndo wanapotea, wanaandika "kampuni iliitwa" wakidhani yameisha, wakati mkaguzi anawaza chakula kabla ya panya. La tatu, kampuni ilifika lini na ilikuta nini. La nne, kwa nini panya aliingia: mpira wa mlango wa stoo umeliwa kona. La tano, uliwekwa mwingine lini, risiti ya fundi iko wapi. La sita ambalo karibu kila mtu analisahau, wiki mbili tatu baadae mitego ya pale ilikuwaje, manake bila hilo hujui kama umetatua au umebahatisha.

Tukio moja lililoandikwa hivyo mwanzo mpaka mwisho lina thamani kuliko ripoti 12 za "hakuna kitu". Na hapa niseme jambo watu wanalipinga: usiogope kuandika kuwa ulikamata panya. Kiwanda cha nafaka Pasua, masika ya Machi mpaka Mei yanapiga, Julai na Agosti watu wanavuna mahindi na panya wa mashambani wanahama, afu faili linasema mwaka mzima sifuri? Mkaguzi atawaza mitego yako haikamati au fundi wako haangalii. Andika hata mjusi. Mijusi kwenye gundi inakwambia hapo kuna wadudu wanaofuatwa.

Namba hizo za kila mwezi zihamishie kwenye jedwali moja, Excel ukiwa nayo, karatasi ya viboksi ukiwa huna, mitego upande mmoja miezi upande wa juu. Tuseme mtego wa 6 Machi sifuri, Aprili mmoja, Mei watatu, na mingine yote imetulia, hapo huna shida ya panya kiwanda kizima, una shida ya ule mlango. Kaa na fundi na msimamizi wako mara moja kila miezi mitatu mliangalie, mwandike mistari minne mliona nini na mliamua nini, msaini. Viwango vikubwa vya wanunuzi vinaita huo uchambuzi wa mwenendo na jina linatisha watu bure.

Nimesema ntarudi kwa wadudu. Kwa unga wa lishe na karanga adui yako mkubwa ni wale wanaokuja ndani ya gunia, wanapitia mlango mkubwa tena umewalipia nauli: fukusi, dumuzi yule wanaomuita Scania, mbawakawa wadogo wekundu wa unga, na nondo. Boksi 20 za panya hazikusaidii chochote na hao. Kwa hiyo kwenye hilo faili, au kwenye faili la mapokezi lakini litajwe humu, uwepo na fomu ya kukagua mzigo: gari limefika, mahindi ya Kiteto, magunia 40, tumefungua mangapi, tumechekecha, tumekuta nini, tumepokea au tumerudisha. Siku uliyorudisha mzigo ndo karatasi yako bora kuliko zote, itafute hata kama ni meseji ya WhatsApp na dalali, iprinti uiweke. Ongeza mitego ya nondo yenye harufu ya jike, ipate namba kwenye ramani kama mingine. Na kila asubuhi kabla ya kuanza, yanayobaki juu ya chekecheo yaangaliwe na iandikwe, inachukua dakika moja na inakwambia mapema kuliko kampuni yoyote.

Kuhusu vidonge vya kufukiza, vile vya aluminium phosphide, hujasema kama mnatumia lakini nakuuliza maana wengi wanaweka kienyeji stoo. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi ya fosfini, inaua fukusi na inaua mtu vilevile, haibagui, na mlinzi akilala chumba cha pembeni yuko hatarini. Kama mnatumia afanye mwenye kibali peke yake, na karatasi ioneshe shehena gani, vidonge vingapi, ilifungwa saa ngapi tarehe gani, ilikaa siku ngapi kwa mujibu wa lebo, nani alipima gesi kwa kifaa kabla watu hawajaingia, na majivu ya vidonge yalipelekwa wapi. Kama hamna hizo karatasi, acheni kabisa mpaka mpate mtu.

Madogo madogo nayapitia haraka. Taa ya nzi isiwe juu ya meza ya kufungashia wala isitazame nje mlangoni ikaita wadudu wa mtaa mzima, na balbu zake zibadilishwe kila mwaka hivi hata kama bado zinawaka, maana ule mwanga unaomvuta nzi unaisha kabla ya ule unaouona wewe, andika tarehe kwenye balbu na marka. Paka wa stoo, najua yupo, na najua anafanya kazi kuliko kampuni, lakini siku ya ukaguzi paka naye anahesabiwa kwenye wadudu, mtafutie makazi mapema. Wafanyakazi wote 11 wakae nusu saa wafundishwe dalili za panya na jinsi ya kuandika kwenye lile daftari, wasaini mahudhurio. Ukikosea fomu piga mstari mmoja, andika sahihi pembeni na tarehe, usitumie wino mweupe wa kufutia.

Na ile miezi iliyokosekana? Waombe kampuni nakala zao, wao wana vitabu vya ripoti, na huenda fundi ana picha kwenye simu. Zinazopatikana weka. Zisizopatikana andika ukurasa mmoja, kwa jina lako na sahihi yako, kuwa kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani huduma ilifanyika na risiti hizi hapa, lakini ripoti za kina hazikutunzwa, tumeligundua tarehe fulani, mkataba umebadilishwa, fomu mpya imeanza, msimamizi ni fulani. Uweke mbele kabisa, na mkaguzi akikaa tu umwambie mwenyewe kabla hajauliza. Inawezekana akakuandikia upungufu mdogo. Pokea. Mimi nikikaa upande wa ukaguzi mtu akinifungulia hivyo mguu wangu unapungua mwendo, wakati aliyenificha namfuata mpaka chooni.

Siku mbili kabla mwite fundi mzunguke wote watatu, wewe, yeye na msimamizi, mkiwa na ramani mkononi, mfungue kila boksi. Na hapo hapo mnyang'anye ufunguo mmoja wa yale maboksi ubaki nao wewe, maana mkaguzi atasema fungua hili, na nimeshaona watu wanapiga simu mbele yake kuuliza fundi yuko wapi, kumbe yuko Sanya Juu na ufunguo uko mfukoni mwake.